Ofisi ya ghorofa sita Dar es Salaam isiyokula umeme: namna ya kuipanga

Matumizi ya umeme ya jengo la ofisi huamuliwa siku mchoro wa kwanza unapochorwa, kabla mhandisi wa viyoyozi hajaitwa. Mjini mambo huenda kinyume. Mwenye jengo anataka vioo kutoka chini hadi juu, msanifu anavichora, halafu mhandisi wa mitambo anapewa mchoro uliokamilika aupooze. Hana la kufanya ila kuongeza tani za kupoza (kipimo cha nguvu ya viyoyozi: tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, karibu kilowati 3.5). Tani zikipanda, transfoma inapanda, jenereta inapanda, nafasi ya mitambo inakula paa lote, na bili inafuata miaka yote ya jengo.

Tuchukue jengo moja la mfano ili namba zisielee hewani: ghorofa sita, kila moja mita 14 kwa 36, urefu wa mita 3.5 kutoka slabu hadi slabu. Jumla ni mita za mraba 3,024, na humo watakaa watu wapatao 200. Jengo liko Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Zanzibar, Tanga na Mombasa zinafuata mantiki hiyo hiyo, ila vipimo vya vivuli vihesabiwe upya.

Kuelekeza jengo

Pande ndefu za mita 36 zitazame kaskazini na kusini, pande fupi za mita 14 mashariki na magharibi. Jua la mchana Dar liko juu sana, kwa hiyo upande wa kaskazini na wa kusini hukingwa kwa kofia ya kawaida, yaani bamba linalotokeza juu ya dirisha. Jua la asubuhi na la jioni huja chini, karibu usawa wa macho, na kofia hailizuii. Ukipita muda wa saa nne tangu utosi, yaani tangu jua lilipokuwa juu kabisa, jua liko kama nyuzi 30 tu juu ya upeo. Kukinga dirisha la mita 1.5 kwa kofia pekee kungetaka bamba la mita 2.6. Hakuna anayejenga hivyo.

Zingatia pia saa ya ukutani. Dar iko magharibi ya mstari unaotumika kupanga saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua la utosi hufika kama saa sita na dakika ishirini. Jua kali la magharibi linawakuta watu bado mezani.

Fanya hesabu ya ukuta wa magharibi peke yake: mita 14 × 3.5 × ghorofa 6 ni mita za mraba 294. Ukiweka kioo cheupe cha kawaida, ukitoa fremu, zinabaki kama 235. Alasiri ya jua kali ukuta huo hupokea takriban wati 600 kwa kila mita ya mraba, na kioo cheupe hupitisha karibu asilimia 80 ya joto hilo. Hapo zinaingia kilowati 113, yaani tani 32 za kupoza, kwa ajili ya ukuta mmoja mfupi. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Kwa hiyo mwisho wa magharibi weka ngazi, lifti, vyoo, shafti za mabomba na stoo. Ukuta uwe wa tofali, upakwe rangi nyeupe. Mashariki ni pagumu zaidi, si kwa sababu ya joto bali kwa sababu bahari iko huko na kila mkurugenzi anataka kuiona. Mpe dirisha, lakini vioo vyote vya upande huo visizidi asilimia 15 ya ukuta, na viwekewe vibao vya wima nje.

Mwelekeo huu unakubaliana na upepo pia. Kaskazi hupiga upande wa kaskazini kwa mshazari, kusi hupiga upande wa kusini. Viwanja vingi vya katikati ya mji havikupi uhuru wa kugeuza jengo. Ukibanwa na kiwanja kinachotazama magharibi, geuza madirisha: ukuta ukatwe kwa meno kama ya msumeno, kioo kikae kwenye jino linalotazama kaskazini au kusini, na jino la magharibi libaki tofali tupu.

Vivuli: vipimo halisi

Hapa ndipo michoro iliyonakiliwa kutoka Ulaya huharibika. Huko jua huja kutoka kusini, na kaskazini hakuna la kukinga. Dar, tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linapita kaskazini mwa jengo. Miezi iliyobaki, ambayo ndiyo ya joto kali, linapita kusini. Pande zote mbili zinahitaji kofia, na kofia hizo hazilingani.

Kanuni ni nyepesi: kina cha kofia ni urefu wa dirisha kugawanya kwa tanjenti ya pembe ya jua. Mchana wa Juni jua liko nyuzi 59.8 upande wa kaskazini. Dirisha la mita 1.5 linataka kofia ya mita 0.87. Mchana wa Desemba liko nyuzi 73.4 upande wa kusini, na mita 0.45 zinatosha. Lakini hizo ni za saa ya utosi tu. Ukitaka kivuli kamili saa tatu kabla na saa tatu baada ya utosi, kaskazini panataka mita 1.2 na kusini mita 0.7. Hizo ndizo za kuchora.

Mita 1.2 ya zege inayoning'inia ni nzito na ina gharama ya nondo. Igawe. Weka mabamba mawili ya sentimita 60, moja juu ya dirisha na jingine katikati yake. Kivuli ni kile kile. La chini ukilipaka rangi nyeupe juu, litarusha mwanga kwenye dari na kuufikisha ndani zaidi. Bajeti ikibana, punguza kaskazini hadi mita 0.9, maana Juni na Julai ni kipupwe. Kusini usiguse.

Vibao vya alumini ni vyepesi kuliko zege, ila vina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari: boliti za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki huanza kutoa kutu mapema, na kutu inachora michirizi ya kahawia kwenye ukuta mweupe. Tumia chuma cha pua daraja la 316, na kati ya boliti na alumini weka washa ya nailoni, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi alumini huliwa. Adui wa pili ni kelele. Kibao kirefu kuliko mita 1.5 kikishikwa ncha mbili tu kitapiga kelele kusi linapovuma. Kiwekewe mshikio wa tatu katikati.

Kioo na mwanga

Eneo la vioo liwe asilimia 30 ya kuta za kaskazini na kusini, lisizidi 35. Wapangaji wakidhani hiyo ni giza, waelekeze kwenye urefu: mwanga wa dirisha hufika ndani mara mbili hadi mara mbili na nusu ya urefu wa kichwa chake kutoka sakafuni. Kichwa kikiwa mita 2.8, mwanga unafika mita 6 hadi 7. Ndiyo sababu jengo lina upana wa mita 14: pande mbili zinakutana katikati. Kioo kilicho chini ya usawa wa meza hakileti mwanga wa kazi. Kinaleta joto miguuni na kuonyesha nyaya za kompyuta kwa wapita njia.

Unaponunua kioo uliza namba mbili. Ya kwanza ni sehemu ya joto la jua inayopenya, isizidi 0.30. Kioo cheupe cha milimita 6 ni kama 0.82. Ya pili ni sehemu ya mwanga inayopenya, iwe 0.50 au zaidi. Vioo vyeusi vya bei nafuu vinashusha namba ya kwanza lakini vinafeli ya pili: ofisi inakuwa giza, taa zinawashwa mchana kutwa, na kioo chenyewe kinafyonza jua kinapata moto na kuwarudishia waliokaa karibu. Muuzaji asiyekuwa na karatasi ya namba hizo mbili, usinunue kwake kwa ajili ya jengo zima.

Taa: LED zenye jumla ya wati 5 kwa mita ya mraba zinatosha kwa ofisi, yaani kilowati 15 kwa jengo lote. Kosa linalorudiwa ni la fundi wa nyaya. Anaunga taa kwa mistari inayotoka dirishani kuelekea katikati, hivyo swichi moja inawasha taa ya dirishani isiyohitajika pamoja na ya katikati inayohitajika. Mistari ya taa iende sambamba na dirisha, kila mstari na swichi au kihisi chake. Andika hivyo kwenye mchoro wa umeme, usiache kwa maneno ya saiti. Plasta ikishakauka hakuna atakayefukua.

Ukuta na paa

Ukuta wa tofali za saruji wa inchi sita, wenye plasta pande zote na rangi nyeupe nje, unatosha. Ndani nyuzi 26, nje nyuzi 32: tofauti ya nyuzi 6 inapitisha kama wati 16 kwa mita ya mraba. Linganisha na wati 480 za kioo cheupe cha magharibi. Fedha ya kuweka sponji ya kuzuia joto ukutani ipeleke kwenye vivuli.

Paa ni jambo jingine. Linapigwa na jua kutwa nzima. Weka milimita 50 za polistaireni ngumu (povu la kuzuia joto) juu ya slabu, kisha utando wa kuzuia maji, kisha rangi nyeupe.

Hewa na unyevu

Hili ndilo eneo ambalo majengo mengi ya pwani hufeli hata baada ya kupatia mengine yote.

Wasanifu hupenda kutaja Eastgate Centre ya Harare, iliyosanifiwa na Mick Pearce na kukamilika 1996. Usiku hewa baridi inapitishwa ndani ya zege na matofali, na mchana zege hiyo inapoza ofisi. Ni kazi nzuri. Lakini Harare iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Nairobi nayo inafaa: jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 linaacha joto lipande kwenye uwazi wa katikati na kutokea juu, bila viyoyozi vya kawaida ofisini. Dar usiku wa Februari ni joto na hewa imelowa. Ukiipitisha ndani ya zege unaingiza unyevu, na asubuhi kiyoyozi kinafanya kazi ya kukausha ulichokiingiza mwenyewe.

Dar fanya mchanganyiko. Kipupwe, Juni hadi Septemba, fungua madirisha pande zote mbili na tumia feni. Miezi ya kaskazi funga na pooza, lakini pooza kidogo. Feni ya dari ya injini ya DC inakula wati 25 hadi 30, na upepo wake mwanana unakuruhusu kuweka kiyoyozi nyuzi 26 mahali pa 23 bila mtu kulalamika. Feni moja kwa kila mita za mraba 20. Urefu wa dari uachwe angalau mita 2.9 ili mabawa yasiwe karibu na vichwa. Wanaofunga dari ya gipsamu mita 2.6 kuficha mabomba wameua feni na mwanga kwa pigo moja.

Sasa hesabu ya hewa safi. Watu 200, lita 10 kwa sekunde kwa kila mmoja, ni mita za ujazo 2 kwa sekunde. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 31 na unyevu asilimia 70, kuileta kwenye nyuzi 26 na unyevu asilimia 55 kunahitaji kilowati 62. Kati ya hizo, kama 49 ni za kukamua maji tu. Kushusha joto lenyewe ni sehemu ndogo. Maji yanayotoka ni kama lita 70 kwa saa, zaidi ya lita 600 kwa siku ya kazi. Yapeleke kwenye tangi la kusukumia vyoo. Ni maji laini yasiyo na chumvi.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, weka gurudumu la kubadilishana joto na unyevu kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Likifanya kazi kwa asilimia 70 linaokoa kilowati 43. Pili, kihisi cha kaboni dayoksaidi kwenye vyumba vya mikutano, ili chumba kitupu kisipewe hewa ya watu ishirini.

Kisha ziba nyufa. Mlango wa mapokezi unaoachwa wazi, fremu ya dirisha iliyofungwa bila silikoni, tundu la bomba lililoachwa juu ya dari: kote humo unyevu unaingia bila kupimwa. Madirisha yanayofunguka yawekewe swichi ndogo inayozima kiyoyozi cha eneo hilo dirisha likifunguliwa.

Kuchagua ukubwa wa mashine

Kanuni ya dukani ni chumba cha nne kwa nne, BTU 12,000, yaani tani moja kwa mita za mraba 16. Jengo letu lina kama mita 2,100 za ofisi zenyewe, kwa hiyo duka litakuuzia tani 130. Jumlisha mzigo halisi kwa kilowati: hewa safi 62, watu 26 (wati 130 kila mmoja), kompyuta 20, taa 15, vioo vilivyokingwa vizuri 25, kuta na paa 20. Jumla kilowati 168, tani 48. Ukiwa na lile gurudumu, kilowati 125, tani 36. Ongeza asilimia 10 ya tahadhari, uishie hapo. Sasa rudi kwenye tani 32 za ukuta wa magharibi wa kioo: zingekaribia kuongeza mzigo huu maradufu.

Mashine kubwa kupita kiasi si akiba ya usalama. Inashusha joto haraka, inazima, inawaka tena. Kukausha hewa kunahitaji koili (mabomba ya baridi ndani ya kiyoyozi) ibaki baridi kwa muda, na mashine inayozimazima haipati muda huo. Matokeo ni chumba cha nyuzi 21 chenye unyevu asilimia 70: baridi ya kunata, karatasi zinajikunja, ukungu unaota nyuma ya kabati. Watumishi wanashusha rimoti hadi 18 wakidhani ndiyo dawa, na ukungu unaongezeka.

Mahali pengine pa kutazama kwa jicho kali ni mashine za nje. Wasanifu huzificha kwenye shafti nyembamba, moja juu ya nyingine, nyuma ya vibao vya urembo. Ya chini inatema hewa moto, ya pili inaivuta na kuitema ikiwa moto zaidi, ya sita inajizima mchana penye joto. Ziweke zote juu ya paa, na zikiwa ni lazima zikae pembeni mwa ghorofa, hewa inayotoka isukumwe moja kwa moja nje na vibao viwe na uwazi wa asilimia 80 au zaidi.

Na mabomba ya maji baridi, kama umechagua chila, yaani mashine kuu inayopoza maji ya kuzungushwa jengoni. Bomba la nyuzi 7 likigusana na hewa ya Dar linatoa jasho mara moja, kwa hiyo linavishwa mpira wa povu lenye vitundu vilivyofungwa, wa milimita 25 au zaidi, maungio yote yakigundishwa. Mafundi wengi wanafanya vizuri kwenye sehemu iliyonyooka. Kosa liko kwenye kishikio. Kibano cha chuma kinabana mpira hadi unabaki milimita 5, na hapo ndipo tone la kwanza linaning'inia. Baada ya wiki chache utaona duara la rangi ya chai kwenye dari, kila mita mbili, kwa mstari ulionyooka: hivyo vyote ni vishikio. Dawa ni kipande kigumu cha povu au mbao iliyotiwa dawa ndani ya kila kibano, kiwekwe kabla bomba halijapandishwa.

Sola

Paa letu, ukitoa mitambo na njia za kupita, linabakiza kama mita za mraba 300. Zinabeba kilowati 50 za paneli, ambazo kwa siku ya wastani zinatoa kama uniti 200, sawa na 73,000 kwa mwaka. Jengo lililopangwa kama hapa lilenge uniti 80 kwa mita ya mraba kwa mwaka, kama 240,000. Kwa hiyo sola inabeba karibu theluthi. Jengo la vioo lingeweza kufungiwa paneli hizo hizo na zisionekane kwenye bili. Mwinamo wa paneli uwe nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Paneli ikilala kabisa mvua haiioshi, vumbi na chumvi vinabaki.

Ukihitaji cheti cha jengo la kijani, EDGE ya IFC (tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi) inataka upungufu wa asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji na kwenye mzigo wa kutengeneza vifaa vya ujenzi. Programu yake inapatikana mtandaoni bure. Ijaze ukiwa bado na penseli mkononi.

Kukabidhi na mwaka wa kwanza

Weka mita ndogo tofauti kwa viyoyozi, taa, soketi, lifti na chumba cha seva, kila ghorofa. Mteja mkubwa wa umeme halipii uniti tu. Analipia na kilele cha kVA cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote aliouvuta kwa wakati mmoja. Usiwashe ghorofa zote sita saa mbili kamili asubuhi. Zipishane kwa dakika kumi kumi, kuanzia saa moja na nusu.

Kabla ya kumlipa mkandarasi fungu la mwisho, pima mambo matatu mbele yake: mtiririko wa hewa kwenye kila tundu, unyevu wa ndani saa tisa alasiri, na umeme wa saa nane usiku. Hicho cha mwisho kinafichua mengi. Ikiwa usiku jengo linakula zaidi ya moja ya tano ya kilele cha mchana, kuna kitu kimeachwa: feni za vyoo, chila inayopoza ghorofa tupu, taa za maegesho. Zima saketi moja moja ukitazama mita hadi uikute. Rudia kila robo mwaka, pamoja na kuosha vichujio, ambavyo karibu na bahari vinataka kuoshwa kila mwezi wakati wa kaskazi.